Kipunji: kima wa Rungwe aliyevuliwa jina la Kigiriki

Mei 20, 2025 ilitimia miaka 20 tangu jarida la Science la Marekani liitangazie dunia kima mpya kutoka Mbeya na Iringa. Mpya kwao, si kwetu. Wawindaji wa Kinyakyusa katika miteremko ya Mlima Rungwe walikuwa wakimwita kipunji tangu zamani, na ndio waliowadokeza watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS, chini ya Tim Davenport, mapema mwaka 2003. Watafiti walisita, kwa kuwa masimulizi ya Unyakyusa yana wanyama wa msituni na wa mizimu pia. Miezi ikapita, wakamwona kwa macho yao. Mwaka uliofuata mtafiti mwingine, Trevor Jones, naye akamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa upande wa Iringa, kilomita zipatazo 350 kutoka Rungwe. Timu hizo mbili zikaandika makala moja.

Wakamwita Lophocebus kipunji. Sehemu ya mwisho ni ya Wanyakyusa. Mwanzo ni Kigiriki, lophos, yaani kishungi. Kipunji anacho kweli, manyoya marefu yaliyosimama wima utosini. Neno hilo lina ukoo mpana katika biolojia na tiba. Tai mwenye kishungi kirefu, yule anayekaa juu ya nguzo za umeme pembezoni mwa mashamba ya Nyanda za Juu, ni Lophaetus. Bakteria wenye shada la mikia upande mmoja huitwa lofotrika, na miongoni mwao ni Helicobacter pylori, anayewatesa wengi kwa vidonda vya tumbo. Magego ya tembo, yenye matuta ya kusagia, ni lofodonti.

Ugomvi ulianza papo hapo. Kwa desturi, anayetangaza mnyama mpya huweka mzoga wake makumbusho ili wengine waukague. Hawa hawakuua, kielelezo chao kilikuwa dume mzima katika picha. Wapo mabingwa waliopinga vikali, wakihoji utapimaje fuvu la picha. Wengine wakajibu kwamba kuua mnyama adimu ili kuthibitisha kwamba ni adimu ni kichekesho. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa nakiri kilichofuata kiliwapa wapinzani hoja.

Mwaka huohuo wa 2005 dume mmoja ambaye hajakomaa alifia kwenye mtego wa mkulima, katika shamba la mahindi kando ya msitu wa Rungwe. Fuvu lake halikuwa na mabonde chini ya macho, ambayo ndiyo alama ya Lophocebus wa Uganda na Kongo. Vinasaba navyo vilimsogeza karibu na nyani. Hata sauti ilikuwa imeshatia shaka: wenzake wa magharibi hutoa mlio mrefu wa kubwabwaja, yeye hubweka kwa sauti nzito ya puani. Mwaka 2006 Davenport, Bill Stanley na wenzao wakarudi katika jarida lilelile wakamtoa kwenye ukoo wa kishungi, wakamwita Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Kigiriki cha mbele kikang'oka, jina la Mlima Rungwe likakaa mahali pake.

Mabishano hayakuishia hapo. Baadaye ilibainika kwamba kipunji wa Rungwe wana vinasaba vya nyani wa njano, dalili kwamba mababu zao walichanganyika nao, jambo ambalo kwa wenzao wa Ndundulu halikuonekana.

Tangu hapo habari ni chache. Sensa iliyochapishwa 2008 ilihesabu kipunji 1,117, wa Ndundulu wakiwa 75 tu. Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na hesabu za karibuni zinaonyesha wameongezeka.

Fuvu la yule dume wa mtegoni lilipelekwa Makumbusho ya Field, Chicago. Katika orodha ya waandishi saba wa makala ya 2005, Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga wamo. Wawindaji waliotoa jina hawamo, na sidhani ubao wenye majina yao pale Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, ungelifilisi shirika lolote. Nakala ya fuvu kwa ajili ya shule za Rungwe na za Kilolo, upande wa Ndundulu, nayo ingekuwa deni dogo la kulipa.