Kurudi Darasani kwa Muuguzi Aliyekwishabobea: Hoja Dhidi ya Kipimo cha Cheo

Tangu mwaka 2008, wauguzi wa ngazi ya juu nchini Marekani wamegawanywa katika kada nne: muuguzi mtabibu, muuguzi wa usingizi, mkunga, na muuguzi bingwa wa kliniki. Mwongozo wa pamoja uliotolewa mwaka huo unataka leseni, ithibati, cheti na elimu viende sambamba. Anayehama kada, au anayehamia kundi jipya la wagonjwa, hana budi kurudi chuoni. Watetezi wake husema utaratibu huu ndio kinga ya mgonjwa. Kuhusu usingizi nawaunga mkono. Kuhusu afya ya akili nawapinga.

Muuguzi mtabibu wa familia, hata akiwa mkongwe kliniki, hajawahi kumlaza mtu kwa nusukaputi na kukabili shinikizo la damu linaloporomoka mgonjwa akiwa bado mezani. Mafunzo ya usingizi hudai miezi isiyopungua 36, saa 2,000 za vitendo na kesi 600, na tangu Januari 2022 kila anayeyaanza husomea shahada ya udaktari. Kuhusu ngazi ya shahada mtu anaweza kubisha. Kuhusu kesi 600 sioni pa kubishia.

Afya ya akili ni habari nyingine. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Hildegard Peplau alianzisha masomo ya uzamili yaliyomzaa muuguzi bingwa wa magonjwa ya akili. Muuguzi mtabibu alikuja baadaye, mwaka 1965, kwa juhudi za Loretta Ford na Henry Silver kule Colorado, tena kwa ajili ya watoto. Utabibu ulipoenea hadi afya ya akili, kada hizi mbili zilikutana kwa mgonjwa yuleyule wa akili: tathmini ileile, tiba ya mazungumzo ileile, na katika majimbo mengi ruhusa ileile ya kuandika dawa. Uchambuzi wa kazi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta yanayozifananisha ni mengi kuliko yanayozitenganisha. Hata hivyo, baadaye mtihani wa bingwa wa akili ulifungwa. Aliye na cheti hukihuisha tu, mgeni hapati.

Bingwa huyo akitaka cheti cha utabibu, anakutana na nini? Vigezo vya kitaifa vya 2016 vilimtaka yeyote asiye mtabibu amalize angalau saa 500 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Kwa aliyekwisha kuwa mtabibu, sakafu hiyo haikuwekwa. Tuwaweke wawili hawa wodini. Mmoja, yule bingwa wa akili, ameishi na wagonjwa wanaotumia dawa ya lithiamu. Mkono unaotetemeka kupita kawaida humtosha kuagiza damu ipimwe siku hiyohiyo. Mwingine, mtabibu wa familia, ametibu kisukari na vikohozi, na skizofrenia huipeleka kwa wengine. Saa 500 zilimfunga yule wa kwanza.

Nitaambiwa vyuo hufanya uchambuzi wa pengo, yaani hulinganisha aliyokwisha soma mwanafunzi na yanayotakiwa, na kusamehe masomo. Ni kweli, lakini somo likisamehewa, saa hubaki, na katika vyuo vingi mwanafunzi hujitafutia msimamizi mwenyewe. Nitaambiwa pia kuwa baadhi ya mabingwa wa zamani hawakusoma pathofiziolojia, famakolojia na uchunguzi wa mwili kama masomo kamili. Basi wasomeshwe hayo matatu. Hilo ndilo pengo lao halisi. Viwango vya 2022 vilipandisha saa za mwanafunzi wa utabibu hadi 750, lakini kumwongezea saa anayeanza hakujibu swali la aliyekwisha kuifanya kazi.

Napendekeza bingwa wa akili mwenye cheti hai akimaliza masomo hayo matatu na kipindi kifupi cha usimamizi wa uandishi wa dawa, aruhusiwe kufanya mtihani wa utabibu. Mtabibu wa familia anayehamia wodi ya akili ndiye awekewe sakafu ya saa, iandikwe kwa tarakimu. Naamini wagonjwa hawatapungukiwa kitu, na majimbo yenye uhaba wa watoa huduma za akili yatapata watu ambao tayari wanaijua kazi.