Utetezi wa sera za moyo na kiharusi, Shinyanga na Geita
Utetezi wa sera za kuzuia magonjwa ya moyo na kiharusi ni juhudi za kuishawishi serikali itunge sheria na kutenga bajeti ili shinikizo la damu lipimwe na kutibiwa mapema. Miongoni mwa watetezi wake Tanzania ni TANCDA, shirikisho la vyama vya magonjwa yasiyoambukiza. Mpango wa Taifa wa magonjwa hayo ulizinduliwa Novemba 2019. Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwemo, hupewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Ugumu mkubwa wa utetezi huu ni tumbaku, ambayo huchangia magonjwa ya moyo na kiharusi: sheria ya mwaka 2003 inadhibiti uuzaji na uvutaji wake, ilhali Kahama, mkoani Shinyanga, tumbaku ni zao la biashara.