Kabati la bafuni

Kabati la bafuni ni samani ya kuhifadhia taulo, sabuni, miswaki na vifaa vya usafi. Aina kuu ni tatu: la chini ya sinki, ambalo pia huficha mabomba, la ukutani lenye mlango wa kioo, mara nyingi kina chake kikiwa sentimita 10 hadi 15, na refu la kusimama, linalofaa bafu finyu.

Adui wake mkubwa ni unyevu. Ubao wa MDF (wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) usiozibwa kingo hunyonya maji, ukavimba na kubanduka rangi. Kwa hiyo hupendelewa alumini, plastiki ngumu au plaiwudi inayohimili maji, pamoja na bawaba zisizoshika kutu. Kabati lililoinuliwa kutoka sakafuni hurahisisha kudeki.

Kabla ya kuagiza, hupimwa upana wa ukuta, mahali pa bomba la majitaka na nafasi ya mlango kufunguka. Dawa za kunywa hazifai kukaa humo, kwani joto na mvuke huziharibu. Za kusafishia choo hufungiwa, watoto wasizifikie.

Kuhifadhi vitu ukutani si jambo geni pwani: nyumba za kale za mawe za Lamu zina zidaka, vishubaka vilivyojengwa ndani ya kuta nene.