Neno "Safari" na Mzigo Wake

Wasikilizaji, katika kamusi ya Kiingereza limo neno moja ambalo mwanafunzi wa Tabora hana haja ya kufundishwa: safari. Laandikwa kama letu, lakini maana yake si ile ile.

Asili yake ni Kiarabu, safar. Wanachuoni wa lugha hiyo hulihusisha na kufunua, wakasema kwamba mwendo hufunua tabia ya mtu. (Aliyepata kutembea siku tatu na mwenzi mchoyo hatabisha.) Waswahili walilichukua, na walipoingia bara wakaliita hivyo hata kundi zima la watu waendao pamoja.

Safari ya namna hiyo ndiyo aliyokwenda nayo Richard Burton, Mwingereza, aliyetoka pwani Juni 1857 akafika Kaze, yaani Tabora, Novemba mwaka ule ule. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1860, na neno letu limo.

Tazameni alichokiona. Mbele kiongozi, ameshika bendera nyekundu. Nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja amejitwika karibu frasila mbili, ndizo ratili 70, za nguo, shanga au pembe. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa mtini, wakaichukua wawili. Kutoka Tabora hata Bagamoyo ilikuwa kama miezi mitatu, kwa miguu, na njiani kuna njaa, ndui na hongo za watemi. Hata hivyo kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka ameiona pwani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ile ikafifia. Lakini neno lilikuwa limekwisha vuka bahari. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda, na habari zake zikalieneza. Tangu hapo Waingereza wakalifahamu kuwa ni hema, bunduki na simba. Na siku hizi, kamera. Mpagazi, aliyekuwa ndiye safari yenyewe, akaachwa nje ya maana.

Kwa hiyo Mwingereza aendaye London kumwuguza mamaye haiiti safari. Bibi wa Urambo apandaye gari kwenda Tabora kwa kazi hiyo hiyo, yeye yu safarini. Naye akisema, "Safari hii mvua imechelewa," mgeni asitafute simba.