Kamba ya Kukanyagia

Katika jahazi la pwani yetu, nahodha atakapo kupunguza tanga hulegeza henza, na foromali, yaani boriti inayobeba tanga, ikashuka hata mikononi mwa mabaharia. Hapana haja ya mtu kupaa.

Merikebu za Ulaya nazo zilishusha foromali zao zamani. Lakini matanga yalipozidi, moja juu ya jingine, ikabidi mtu alifuate tanga huko huko juu. Kuupanda mlingoti hakukuwa taabu kubwa, maana palikuwapo ngazi za kamba. Taabu, msomaji, ilianza ngazi ilipokwisha. Baharia alitambaa juu ya foromali, au aliipanda kama apandaye punda, na huku tanga lililolowa likimpiga. Mkono mmoja ulifanya kazi. Wa pili uliushika uhai wake.

Katikati ya karne ya 17 ikaenea kamba iliyoning'inizwa chini ya foromali. Baharia aliikanyaga, akaegemeza tumbo juu ya boriti, na mikono yote miwili ikawa huru. Waingereza waliiita farasi, na vijikamba vilivyoishikilia wakaviita vikuku. Kamba tu! Vasco da Gama alipofika Mombasa mwaka 1498 hakuwa nayo.

Hatari haikwisha. Cutty Sark, iliyoundwa Scotland mwaka 1869 na kuhifadhiwa Greenwich, London, ina mlingoti mkuu wa kiasi cha mita 46. Usiku wa dhoruba, vijana wa umri wako waliitafuta kamba hiyo kwa nyayo, gizani.