Chole Iliyohama na Chole Iliyobaki

Mwaka 1913 Wajerumani waliyahamisha makao ya serikali ya Mafia. Waliyatoa kisiwa cha Chole, wakayapeleka Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa kikubwa. Sababu inayotajwa ni meli: walitaka mahali pazuri zaidi pa kutia nanga, na jina lenyewe la Kilindoni linabeba neno kilindi. Habari yenyewe ni ya sentensi moja tu, wengi huisoma na kuipita. Lakini hebu jiweke kwenye kiti cha karani. Una orodha ya wilaya mbele yako, kalamu mkononi. Unafuta neno gani, na unaacha lipi? Maana Chole imeandikwa mara mbili: ni jina la makao, na ni jina la kisiwa. Makao yamehama. Kisiwa hakijahama, kiko palepale ghubani na popo wake na magofu yake.

Swali la karani huyo ndilo swali ambalo watu wa kompyuta walilihangaikia kwa miaka mingi: namna ya kubadilisha kitu kimoja kilichomo ndani ya kitu, kilichomo ndani ya kitu kingine, bila kuvuruga vilivyobaki. Utaniuliza, kompyuta na Ghuba ya Chole wapi na wapi? Subiri kidogo, mwenzangu.

Tuanze na ghuba. Ukisimama Utende, Chole iko mbele yako. Nyuma yake ni Juani, na kusini ni Jibondo, kisiwa cha mafundi wa majahazi. Huko Juani ndiko yaliko mahame ya Kua, mji wa mawe wenye misikiti na jumba lake, ambao uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kua ilipokwisha, Chole ikainuka. Chini ya masultani wa Unguja ikawa mji wa mabwana wenye mashamba ya minazi, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Kisiwa kidogo kikaitwa Chole Mjini, na kisiwa kikubwa chote kikaitwa Chole Shamba. Yaani kikubwa kilipewa jina kwa kuegemezwa kwenye kidogo! Leo mambo yamegeuka: Mafia ni jina la kisiwa kikubwa, tena ni jina la visiwa vyote kwa pamoja, tena ni jina la wilaya nzima katika Mkoa wa Pwani. Jina moja, ngazi tatu. Mtu akikuambia “nakwenda Mafia”, hujajua anashuka wapi.

Sasa tuvuke bahari. Kenneth Iverson alizaliwa mwaka 1920 huko Camrose, Kanada. Katika miaka ya 1950 alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, na alichoshwa na hesabu za kawaida kwa sababu hazikuwa na njia fupi ya kusema “fanya hivi kwa orodha yote kwa mkupuo mmoja”. Akabuni alama zake mwenyewe, kwanza za kuandikia ubaoni. Baadaye akahamia kampuni ya IBM, na mwaka 1962 akatoa kitabu kiitwacho A Programming Language. Herufi za mwanzo za jina hilo, APL, ndizo zikawa jina la lugha. Mwaka 1966 ilikuwa tayari inafanya kazi ndani ya mashine, na mwaka 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo kilele cha heshima.

Katika APL kitu cha msingi ni safu. Safu ni mpangilio wa vitu, mstari mmoja au jedwali lenye mistari na nguzo. Lakini safu za mwanzo zilikuwa na sharti moja gumu: kila nafasi ilibeba namba moja au herufi moja, basi. Ukitaka kuandika majina ya visiwa ilibidi utengeneze jedwali la herufi, kila jina mstari wake, na majina mafupi uyajazie nafasi tupu mpaka yalingane na refu kuliko yote. Jibondo lina herufi 7, kwa hiyo Chole na Juani yanaongezewa nafasi 2 kila moja, na Kua linaongezewa 4. Haya, siku unapotaka kuingiza Kilindoni, lenye herufi 9, jedwali halitoshi. Huna budi kulipanua lote, hata kwa majina ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mgeni mmoja anaingia, nyumba nzima inabomolewa.

Ndipo likaja wazo la makasha. Kwa nini nafasi moja isibebe kasha, na ndani ya kasha mkawa na safu nyingine ya urefu wowote, na ndani yake kasha jingine? Jim Brown alilijadili jambo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1971. Trenchard More naye akaandika nadharia ya safu za namna hiyo kuanzia miaka hiyohiyo ya 1970. Kufikia miaka ya 1980 wazo likawa bidhaa: NARS mwaka 1981, Dyalog APL ya Uingereza mwaka 1983, na APL2 ya IBM mwaka 1984. Lakini usidhani walikubaliana. Waligawanyika kambi mbili, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya swali ambalo mtoto angeweza kuuliza: ukiitia namba 5 peke yake kwenye kasha, je, bado ni 5? Kambi ya APL2, NARS na Dyalog ilisema ndiyo, kasha la kitu kimoja kisichogawanyika ni kitu chenyewe. Kambi ya pili, ya SHARP APL na Iverson mwenyewe, ilisema hapana: kasha ni kasha, na kilichomo utakiona ukilifungua. Mpaka leo lugha zao hazijapatana.

Turudi kwa karani wetu. Tuandike wilaya yake kwa APL ya kambi ya kwanza, ya Dyalog:

WILAYA←'Mafia' ('makao' 'Chole') ('Chole' 'Juani' 'Jibondo')

Soma polepole. WILAYA ina vitu vitatu tu. Cha kwanza ni jina. Cha pili ni kasha lenye vitu viwili: neno makao, na mahali makao yalipo. Cha tatu ni kasha la visiwa vya ghubani. Chole inaonekana mara mbili, kama tulivyosema.

Karani mvivu atatafuta neno Chole popote lilipo na kulibadilisha. Matokeo yake? Makao yamehamia Kilindoni, sawa, lakini na kisiwa nacho kimegeuka Kilindoni, kimekaa katikati ya ghuba jirani na Juani! Karani mwingine atajaribu kuandika WILAYA[2]←'makao' 'Kilindoni', na mashine itamkatalia, kwa sababu anataka kutia vitu viwili penye nafasi ya kitu kimoja. Inambidi avifunge kwanza, na alama ya kufunga ni ⊂:

WILAYA[2]←⊂'makao' 'Kilindoni'

Hapo itakubali, ila ameandika upya kasha zima, hata neno makao ambalo halikuwa na kosa lolote. Karani anayejua kazi yake anataja njia:

(2 2⊃WILAYA)←'Kilindoni'

Maana yake: ingia kitu cha pili, humo ndani shika cha pili, hicho ndicho ukibadilishe. Vingine visiguswe. Chole ya makao iko kwenye njia ya 2 2, na Chole ya kisiwa iko kwenye njia ya 3 1. Kwa jina hazitofautiani kabisa. Kwa njia hazikutani.

Kambi ya makasha yasiyoyeyuka ilikwenda kwa mwendo mwingine. Mwaka 1990 Iverson na Roger Hui walitoa lugha ya J, iliyoota kutokana na kazi ya ukurasa mmoja aliyoiandika Arthur Whitney mwaka 1989. Katika J unafungua kasha, unabadilisha ndani, unalifunga tena, kisha unalirudisha mahali pake, hatua kwa hatua. Na kuna jambo la kuzingatia: kitendo chenyewe cha kubadilisha hakiigusi safu ya kale. Kinakupa safu mpya yenye badiliko, na ni juu yako kuamua kama mpya itachukua jina la zamani. Whitney mwenyewe akaenda kuunda lugha ya K mwaka 1993, ambamo unaikabidhi mashine njia nzima mpaka chini kabisa, pamoja na kitendo cha kufanya ukifika huko. Dyalog wakaongeza alama ya @ mwaka 2017 kwa ajili ya kazi hiyohiyo ya kubadilisha mahali fulani tu. Miaka yote hiyo swali limebaki lile la daftari.

Sasa ndipo ninapotaka kukufikisha. Mwenzangu unayetaka kuandika historia ya kwenu, tazama jinsi mabadiliko ya Mafia yasivyo ya aina moja.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka yao, na Ujerumani ikamlipa Sultani wa Unguja marki milioni 4 kwa ajili ya pwani. Mafia ikaenda na pwani hiyo. Hapo lilibadilishwa kasha la nje. Kisiwa kilitolewa kwenye kasha la Sultani kikatiwa kwenye kasha la Kaisari, na vya ndani vikabaki kama vilivyokuwa: minazi ileile, mabwana walewale, watumwa walewale. Mtumwa wa Chole Shamba hakuamka huru siku ile. Ukiandika kwamba “mwaka 1890 Mafia ilibadilika” bila kutaja ngazi, umemdanganya msomaji, na yule mtumwa umemfuta.

Mwaka 1913 kilibadilishwa kitu cha ndani, kimoja tu, kama tulivyoona. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuichungulia manowari ya Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, ambayo mwisho wake ulikuwa Julai mwaka huohuo. Kasha la nje likabadilishwa tena. Ila mwaka 1922, sheria ilipofuta utumwa katika Tanganyika, hilo lilikuwa badiliko la aina nyingine kabisa. Haikuwa njia ya kufikia nafasi moja. Ilikuwa amri ya kupita katika kila kasha, kila shamba, na kumgusa kila mmoja. APL ina alama ya jambo hilo pia, vitone viwili vya ¨, vyenye maana ya “kwa kila kimoja”. Na mwaka 1995 ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, liliongezwa kasha jipya ambalo halikuwapo, na ghuba yote na wavuvi wake wakajikuta wamo ndani.

Unaona? Kubadilisha kasha la nje, kubadilisha kitu cha ndani, kugusa kila kimoja, kuongeza kasha. Mambo manne, na kwa Kiswahili chetu cha haraka tunayasema yote kwa neno moja: “mambo yalibadilika”.

Kuna jingine. Kabla ya kubadilisha, karani angeweza kuandika ZAMANI←WILAYA. Baada ya hapo, hata akiyahamishia makao Kilindoni, ZAMANI itaendelea kuyaonyesha Chole. Katika lugha hizi badiliko la moja haliambukizi nyingine. Kwa mwandishi hilo ni agizo: tunza nakala ya kale kabla hujaandika mpya. Maana atakuja kijana aone magofu ya Kijerumani pale Chole aulize, kwani hapa palikuwa na nini? Mwenye orodha mpya peke yake hana la kumjibu.

Na la mwisho ni la Kua. Katika APL ya kambi ya kwanza, ukiitoa safu vitu vyote, haigeuki kuwa bure kabisa. Chukua safu yenye neno Kua peke yake, iondolee hilo neno, kisha uulize kitu chake cha kwanza ni kipi: ⊃0⍴⊂'Kua'. Jibu ni nafasi tatu tupu. Hakuna herufi hata moja, lakini mashine inakumbuka kwamba hapa paliwahi kukaa neno la herufi tatu. Mahame ya Juani ni hivyohivyo. Watu hawapo, ila kuta zinasema ni vyumba vingapi vilikuwapo. Watumwa wa mashamba ya minazi hawakujengewa kuta za mawe, na majina yao mengi hayakuandikwa na mtu. Hao nao waachie nafasi yao katika maandishi yako, hata kama huna herufi za kuijaza. Usiibane orodha ili ionekane imejaa.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kuandika “Chole”, jiulize ni ipi: Mjini au Shamba, makao au kisiwa, ya kabla ya 1913 au ya baada. Kisha mwandikie msomaji, naye ajue.