Dima Iliyozaliwa Kabla ya Balbu Yako

Kuna ugomvi wa kupanga nyumba ambao nimeusikia mara nyingi Mombasa. Mpangaji anaweka balbu mpya za LED kwenye feni ya dari, taa zinaanza kupepesa, mwenye nyumba anasema deposit italipia uharibifu, na fundi stima anaitwa kanjanja. Mimi nasema hakuna aliyeharibu kitu. Wote wamerithi historia ya Marekani.

Feni ilitangulia. Miaka ya 1880, Philip Diehl, aliyefanya kazi na kampuni ya cherehani ya Singer, alifunga mapanga kwenye mota ya umeme akaitundika darini. Baadaye akaiongezea taa. Tangu hapo mota na balbu, vitu vyenye tabia tofauti kabisa, vikaning'inia pamoja.

Kupunguza mwanga kulianzia kwenye kumbi za maigizo. Dima za wakati huo ziligeuza stima ya ziada kuwa joto, na joto hilo lilikuwa hatari. Mwaka 1896 Granville Woods, mvumbuzi Mwamerika mweusi, alipata hataza ya mfumo bora zaidi. Lakini dima ndogo ya kutosha kuingia kwenye kisanduku cha swichi ukutani ilitoka New York mwaka 1959, mikononi mwa mwanafizikia Joel Spira. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth wakaanzisha kampuni ya Lutron.

Ujanja ulikuwa huu: badala ya kuichoma stima ya ziada, unaikatakata. Hapa kwetu umeme hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila mara dima inaufungia kidogo kabla ya kuuachilia. Balbu ya waya haijali. Waya wake ukishapata moto haupoi upesi, kwa hivyo jicho halioni pengo.

LED haina waya huo. Ina saketi inayobadilisha stima, na kama haikuundwa kudimika, stima iliyokatwakatwa inaichanganya: inapepesa, inavuma, inazimika ghafla. Halafu kuna hesabu. Balbu tatu za wati 60 ni wati 180. LED tatu za wati 7 ni 21 tu, na kuna dima za zamani zinazotaka angalau wati 40 ndio zitulie.

Kwa hivyo kabla ya kulaumiana, rudisha balbu za waya kwa muda. Zikiwaka vizuri, dima ni nzima, ni vile tu haikuundwa kwa balbu hizi mpya. Dawa ni balbu zinazodimika pamoja na dima ya LED, au swichi ya kawaida.

Lakini kuna jambo moja si la kubahatisha. Ikiwa waya mmoja kutoka ukutani unalisha feni na taa, dima ya taa isiwekwe hapo. Mota inataka regyuleta yake. Ikipewa dima ya taa itanguruma na kupata moto, na nyumba inaweza kuungua. Fundi azime swichi kuu, afungue, atenganishe.

Shida ni kwamba balbu ni ya mpangaji na dima ni ya mwenye nyumba. Balbu imebadilika, ukuta umebaki wa zamani. Hiyo gharama haifai kukatwa kwenye deposit ya mtu.